Umerudi nyumbani na unataka kufundisha kompyuta? Anzia hapa

Maswali ni yale yale kila mwezi. "Nina digrii ya kompyuta ya Uingereza, nianzie wapi?" "Nimefundisha Muscat, kwa nini Ajira Portal hainipitishi?" "Shule ya serikali inamchukua mtu ambaye hakusomea ualimu?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hatua kwa hatua. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar nimeigusa pale utaratibu unapotofautiana. Kama nyumbani kwako ni Kenya, elewa kwamba huko mlango wa kwanza ni kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, maana bila namba yao hairuhusiwi kufundisha shuleni.

Nikiwa upande wa wanaosaili, nimegundua kuwa mkuu wa shule anataka kujua mambo mawili tu kuhusu mtu aliyetoka nje. Karatasi zake zinatambulika hapa? Na je, ataliweza darasa la watoto sitini lenye kompyuta kumi na mbili, siku ambayo umeme umekatika? Ulikuwa London au Dubai, hilo ni la mazungumzo ya chai. Hatua zote hapa chini zinajibu maswali hayo mawili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA. Bila hiyo Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, haifunguki, na hata laini ya simu hutasajili.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita. Matangazo ya serikali huandika wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi.
- Cheti cha chuo pamoja na transkripti yake.
- Barua za waajiri wa huko ulikotoka, zenye tarehe ya kuanza na kumaliza, masomo uliyofundisha na rika la wanafunzi.
- Cheti cha polisi kinachoonyesha huna rekodi ya jinai, cha nchi uliyoishi na cha hapa nyumbani.
- Pasipoti zako za zamani. Usizitupe! Viza na mihuri iliyomo ni ushahidi kwamba kweli uliishi na kusoma huko.
- Sivii ya kurasa mbili. Kurasa saba hazisomwi.
- Akiba ya kuishi miezi kadhaa bila mshahara. Mchakato wa serikali hauna haraka, na shule binafsi huajiri kwa msimu.

Hatua ya 1: Maliza karatasi za ughaibuni kabla ya kupanda ndege

Ndipo watu wengi wanapokwama. Cheti cha polisi ambacho ukiwa kule unakipata kwa safari moja ya kituoni, ukiwa Mbeya kitakugharimu barua pepe za miezi. Aliyeishi Uingereza na anayelenga shule za kimataifa aombe kile cha kulinda watoto kinachotolewa na ACRO, ofisi ya rekodi za jinai ya huko, kinaitwa ICPC. Shule hizo hukiulizia sana. Aliyeko Oman au Falme za Kiarabu apitishe vyeti vyake vya chuo wizara ya mambo ya nje ya huko, kisha ubalozi wetu, akiwa bado ana kibali cha ukaazi.

Barua ya mwajiri nayo iombe siku unayoaga. Mkuu wa idara anayekufahamu akihama, atakayeshika nafasi yake hana cha kuandika juu yako.

Hatua ya 2: Vyeti vya nje vitambuliwe

Kila ngazi ina ofisi yake, na ukikosea mlango unapoteza wiki nyingi bure.

Digrii inakwenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Stashahada na vyeti vya ufundi vinakwenda NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kama kidato cha nne au cha sita ulisoma nje, kwa mfano ulifanya IGCSE au A-level, NECTA, Baraza la Mitihani, ndiyo inayokupa ulinganifu wa matokeo. Maombi hufanyika mtandaoni: unapakia nyaraka, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unasubiri. Cheti kilichoandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza kitafsiriwe kwanza na mtafsiri anayetambulika. Hili linawahusu sana waliosoma China, Urusi, Uturuki na nchi za Kiarabu.

Angalia majina. Pasipoti ikisema Fatuma Juma Ali, cheti cha kidato cha nne kikawa Fatma J. Ali, na NIDA ikawa na jina la mume, utasimamishwa kila kituo. Peleka jambo hilo kwa wakili mapema, akuandalie hati ya majina (deed poll) na isajiliwe. Kiapo cha kuandika haraka usiku wa kuamkia usaili mara nyingi hakitoshi.

Na kama ulichukua uraia wa nchi nyingine: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo kwenye ajira wewe unahesabiwa kama mgeni. Kwa kawaida utahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, na shule ndiyo inayokuombea. Liseme hilo kwenye barua ya kwanza kabisa. Shule ikiligundua mwishoni, inakuacha.

Hatua ya 3: Chagua mlango

Milango ni minne, na kila mmoja una masharti yake.

Shule ya sekondari ya serikali inataka ualimu uliosomewa, na ajira yake ni ya uhakika. Shule binafsi ya mtaala wa NECTA huwa nyepesi zaidi kwenye karatasi lakini inataka ufaulu, na inautaka mwaka huu huu. Shule ya kimataifa inafundisha mitaala ya kimataifa, Cambridge au IB, na hulipa vizuri kuliko nyingine. Nafasi zake ni chache na ushindani unatoka duniani kote. Mlango wa nne ni vyuo: VETA na vyuo vingine vya ufundi, vyuo vya maendeleo ya wananchi, na vyuo vikuu. Ukilenga ualimu msaidizi chuo kikuu, angalia GPA yako kwanza, maana matangazo mengi yanataka isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza. Ukilenga VETA, ujue walimu wa ufundi stadi wana chuo chao Morogoro, na ujuzi wa mikono unahesabiwa kuliko nadharia.

Ushauri wangu kwa mtu aliyefika jana: ingia shule binafsi ya NECTA kwanza, hata kwa mkataba wa mwaka mmoja, huku maombi ya serikali yakiendelea. Mwaka mmoja ndani ya mfumo utakufunza mambo ambayo hakuna semina inayoyafundisha, na utapata mdhamini aliye nchini, ambaye akipigiwa simu anapokea.

Hatua ya 4: Ziba pengo la ualimu

Una digrii ya kompyuta lakini hukusomea elimu? Serikalini hilo ni kizuizi. Dawa yake ni Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Inatolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo mikoani, kwa hiyo unaweza kusoma huku unafundisha. Kama ulipata ualimu nje, mfano cheti cha PGCE cha Uingereza, kipitishe TCU nacho. Usidhani kitajieleza chenyewe.

Fikiria na somo la pili. Shule nyingi hazina vipindi vya kompyuta vya kumtosha mwalimu mmoja, hivyo zinampenda anayeweza kubeba pia hisabati au fizikia. Kama unaliweza, liandike kwenye mstari wa kwanza wa sivii yako.

Hatua ya 5: Soma muhtasari wa somo mpaka uujue

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na umejengwa juu ya umahiri. Mihtasari ipo kwenye tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Pakua ule wa somo lako, usome wote, kisha pakua mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Kwa miaka mingi somo hili limetahiniwa kwa msimbo 036 kidato cha nne na 136 kidato cha sita.

Kuna hazina ambayo wageni wengi hawaijui: taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zinaonyesha swali kwa swali wanafunzi walianguka wapi na kwa nini, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Mtu akiingia kwenye usaili akasema, "Nimeona kwenye taarifa ya NECTA wanafunzi wanashindwa hapa, nami ningelifundisha hivi," wasaili wanaweka kalamu chini na kumsikiliza.

Kwa shule za kimataifa, soma Cambridge IGCSE ya msimbo 0478, au 9618 kwa A-level. Wana msimbo-bandia wao wenyewe (pseudocode, yaani hatua za programu zilizoandikwa kwa maneno), ujifunze jinsi wanavyouandika. Usichanganye 0478 na 0417. Hiyo ya pili ni TEHAMA ya matumizi, na mwombaji anayezichanganya huonekana hajafungua hata ukurasa mmoja.

Hatua ya 6: Serikalini, kupitia Ajira Portal

Fungua akaunti mapema, usisubiri tangazo. Jaza kila sehemu, pakia vyeti, hakikisha taarifa zinalingana na NIDA. Tangazo likitoka siku zake ni chache na mtandao huelemewa siku za mwisho.

Barua ya maombi iwe imesainiwa na ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma, kama tangazo linavyoelekeza. Soma kipengele cha umri. Mengi huweka kikomo cha miaka 45. Kama uliwahi kuwa mtumishi wa umma ukaacha kazi kwenda nje, wasiliana na Sekretarieti kabla ya kuomba, kwa sababu kurudi kundini kuna taratibu zake.

Usaili una mchujo wa kuandika, na anayepita huitwa kwenye mahojiano. Kada nyingine huwekewa na vitendo. Nenda na vyeti halisi. Watu husafiri kutoka Kigoma wakiwa na nakala tu, wakarudishwa getini.

Kwa Zanzibar mfumo ni mwingine: kuna Zanajira, na utaulizwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Waliorudi kutoka Oman bila kitambulisho hicho waanzie kwa sheha wa shehia yao.

Tahadhari: maombi ya kazi serikalini hayalipiwi. Mtu akikupigia kusema ana "nafasi yako" na anahitaji pesa ya kumpoza bosi, huyo ni tapeli. Wanaotoka nje wanawindwa zaidi kwa sababu wanadhaniwa wana fedha.

Hatua ya 7: Shule binafsi, nenda kwa miguu

Nafasi nyingi za shule binafsi hazitangazwi. Andika orodha ya shule za eneo unalotaka kuishi, vaa vizuri, chukua bahasha zenye barua na sivii, fika asubuhi baada ya mstarini. Omba kumwona mkuu wa shule. Akiwa hayupo, mwalimu wa taaluma anatosha, na mara nyingi yeye ndiye anayejua nani anaondoka. Msalimie katibu muhtasi kwa heshima zote. Bahasha yako iko mikononi mwake.

Msimu ni Novemba na Desemba kwa shule zinazofungua Januari, na Juni kwa nafasi za katikati ya mwaka. Shule za kimataifa hufungua Agosti na huanza kutafuta walimu miezi mingi kabla. Ukipeleka maombi Julai umechelewa.

Ukiambiwa hakuna nafasi ila kuna tempo, usikunje uso. Tempo ya mwezi mmoja kumshikia aliye likizo ya uzazi ndiyo iliyowapa wengi ajira ya kudumu.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwombaji kuanza kila sentensi na "kule tulikuwa na". Kule kila mtoto alikuwa na laptopu, hapa kompyuta moja inakaliwa na wanne. Wasaili wanasikia kwamba utalalamika mwaka mzima. Eleza ulichoweza kufanya, kisha eleza utakavyokifanya kwa vifaa vya hapa.

Hatua ya 8: Somo la majaribio

Kazi hupatikana au hupotea hapa. Utapewa mada, kipindi cha dakika arobaini au pungufu, na wanafunzi halisi au walimu waliokaa kama wanafunzi.

Andaa andalio la somo kwa muundo wa hapa, lenye umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za mwalimu na za mwanafunzi, na tathmini. Chapisha nakala kwa kila msaili. Kisha andaa somo lisilotegemea umeme. Projekta ikiwaka, vizuri, isipowaka, usitetereke.

Mfano ninaoupenda ni wa namba za sifuri na moja kwa kidato cha kwanza. Kata manila vipande vinne, andika 8, 4, 2 na 1 kwa herufi kubwa. Waite wanafunzi wanne mbele, wapange ili darasa lisome 8 kushoto na 1 kulia. Aliyesimama ni moja, aliyechuchumaa ni sifuri. Liulize darasa: nani wasimame tupate tano? Watabishana kidogo, kisha mwenye 4 na mwenye 1 watasimama, nawe unaandika ubaoni 0101. Sasa kumi na moja. Wanasimama 8, 2 na 1: 1011. Wote wakisimama ni kumi na tano. Halafu uliza, "Na kumi na sita?" Nyamaza. Usijibu wewe. Mmoja wao atasema tunahitaji mtu wa tano, na ukimuuliza huyo wa tano abebe namba gani, darasa zima litapiga kelele kumi na sita. Umetumia manila na chaki, na wameielewa thamani ya nafasi kuliko wangeisoma kwenye slaidi ishirini.

Mada ikiwa ya kuandika programu, ingia na flashi yenye kila kitu kinachofanya kazi bila intaneti: Thonny kwa ajili ya Python, Scratch ya kusakinisha, LibreOffice. Safisha flashi virusi kabla ya kuichomeka kwenye mashine ya shule. Fundisha kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani sekondari, na ongea taratibu. Lafudhi ya Manchester haiwasaidii watoto wa Singida.

Hatua ya 9: Mkataba, soma kabla ya kusaini

Furaha ya kupata kazi isikufanye uruke mistari. Uliza mshahara uliotajwa ni kabla au baada ya makato. Uliza kama unalipwa likizo za Juni na Desemba. Hakikisha shule inachangia NSSF, na baada ya mwezi wa kwanza angalia mwenyewe kama mchango umeingia. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na bado unadaiwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa. Ipigie hesabu mapema.

Kuna jambo moja linalomhusu mwalimu wa kompyuta kuliko mwingine yeyote. Shule nyingi zinamchukulia kama fundi, mchapaji wa mitihani, mwingizaji wa alama kwenye mfumo wa NECTA, na mtu wa kutengeneza simu ya meneja. Kusaidia ni vizuri. Lakini ukibeba yote bila makubaliano, utajikuta na vipindi ishirini na nane na printa mbili mbovu, na darasa lako litaumia. Omba majukumu hayo yaandikwe, na yapunguziwe vipindi au yawekewe posho.

Mambo yakikwama

*Ajira Portal inasema taarifa hazilingani.* Tatizo mara nyingi liko NIDA, kwenye jina au tarehe ya kuzaliwa. Rekebisha NIDA kwanza. Kufungua akaunti ya pili kutakuongezea matatizo.

*TCU wamekaa kimya.* Ingia kwenye akaunti uone kama kuna nyaraka wameomba. Wengi wanasubiri miezi kumbe ujumbe upo ndani. Wakati mwingine chuo chako cha nje ndicho hakijajibu uhakiki, basi kiandikie chuo hicho moja kwa moja.

*Naambiwa nina elimu kubwa kupita kiasi.* Maana yake wanaogopa utaondoka baada ya miezi mitatu. Taja mkataba wa chini kabisa unaokubali kukaa, na eleza kwa nini umerudi: mzazi mgonjwa, watoto wanasoma hapa, umejenga. Sababu ya kweli inaeleweka.

*Nimeomba kila mahali, kimya.* Toka nje ya Dar es Salaam na Arusha. Kahama, Njombe, Songea na Mpanda kuna shule zenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa kwa kukosa mwalimu. Wakati unasubiri unaweza kufundisha watoto wa mtaa wako wakati wa likizo, ila kituo cha mafunzo chenye kutoa vyeti hakifunguliwi bila usajili wa NACTVET.

*Shule hailipi mshahara.* Dai kwa maandishi na utunze nakala. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ya mkoa wako. Lalamiko la kuachishwa kazi lina siku 30 tangu uachishwe. Madai mengine, mshahara ukiwemo, yana siku 60 tangu mgogoro uanze. Siku hizo hazikusubiri, hata kama meneja anakuahidi kila Ijumaa kwamba ada zikiingia atakulipa.